UZI: Mheshimiwa anayepiga kelele sana, na swali ambalo hatumuulizi

1/ Mjadala wa wapenzi wa jinsia moja ukizuka bungeni au redioni, subiri dakika kumi tu. Mheshimiwa fulani atapandisha sauti, na chini ya video mtu ataandika: "Huyu anajua haya mambo sana, lazima ni mmoja wao." Vicheko kibao, mjadala umeisha. Leo tuichambue hiyo sentensi polepole, kwa sababu ina ukweli kidogo na hatari nyingi.

2/ Kanuni za huu uzi ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama, awe wa hapa au wa ng'ambo. Kesi nitakazotaja ni za kweli na ziko kwenye rekodi za umma. Na sijaja kukubadilisha msimamo kuhusu ndoa au dini. Uwe unaunga mkono au unapinga, hoja ya unafiki inakuhusu, maana ni hoja ya uongozi.

3/ Tuanze na neno lenyewe. Tunaita kila kitu unafiki, lakini hapo ndani kuna vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni udhaifu. Mtu anaamini kabisa kwamba pombe ni mbaya, anasema hivyo, halafu Ijumaa anateleza. Huyo ameshindwa kuishi imani yake. Unaweza kumhurumia au kumcheka, lakini hakukudanganya kuhusu anachoamini.

4/ Cha pili ni kuigiza. Haamini hata nusu ya anayosema, ila kura ziko hapo. Kwenye mkutano wa hadhara anawaka moto kama jiko la makaa. Kwenye mkutano na wafadhili anaongea lugha nyingine kabisa, laini, ya "haki za kila mtu". Huyo anadanganya pande zote mbili.

5/ Cha tatu ni kujitoa: anatunga sheria ya kubana wengine huku akijua yeye haitamgusa. Ni kama yule anayesifu hospitali za umma jukwaani, halafu akiumwa na tumbo anapanda ndege. Wahenga walishamaliza: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Shikeni huu wa tatu. Ndio nitakaourudia.

6/ Kesi ya kwanza, Marekani, 2007. Mwezi Juni, seneta wa jimbo la Idaho alikamatwa na askari kanzu kwenye choo cha wanaume katika uwanja wa ndege wa Minneapolis–St. Paul. Agosti akakiri kosa la kuvuruga utulivu, kimya kimya, bila mtu kujua. Habari zilipotoka mwezi huo huo, akajitokeza kusema yeye si mpenzi wa jinsia moja na hajawahi kuwa, kisha akajaribu kufuta kule kukiri kwake.

7/ Kwa nini ilikuwa habari kubwa? Kwa sababu ya kura zake. Mwaka 1996 aliunga mkono sheria ya kitaifa iliyoizuia serikali kuu ya Marekani kutambua ndoa za jinsia moja. Lakini sikieni kipande ambacho wengi hawakijui: ACLU, shirika la kutetea haki ambalo limepigania wapenzi wa jinsia moja kwa miaka mingi, lilipeleka hoja mahakamani upande wake. Yaani faragha ambayo yeye hakuwapa wengine, ilitetewa na wale wale aliokuwa akiwapinga. Wekeni hiyo akiba.

8/ Kesi ya pili, California, Machi 2010. Seneta wa bunge la jimbo alikamatwa mjini Sacramento akiendesha gari akiwa amelewa, na ikaripotiwa kwamba alikuwa ametoka kwenye klabu ya wapenzi wa jinsia moja. Siku chache baadaye akasema redioni, kwa mdomo wake, kwamba yeye ni mpenzi wa jinsia moja. Akaulizwa: na zile kura zako zote za kupinga haki hizo? Akajibu kwamba alipiga kura kulingana na msimamo wa watu wa eneo lake.

9/ Hilo jibu msilicheke haraka. Ni swali la zamani kwenye sayansi ya siasa: mwakilishi ni mjumbe anayebeba sauti ya wapiga kura kama ilivyo, au ni mtu tuliyemwamini atumie akili na dhamiri yake? Mwaka 1774 mbunge mmoja wa Uingereza aliwaambia wapiga kura wake wa Bristol waziwazi kwamba wanachomdai ni akili na dhamiri yake, si utii kwa maagizo yao. Tangu hapo mjadala haujaisha.

10/ Kwa hiyo kama mheshimiwa ni mjumbe tu, sawa, aseme: "Nimetumwa." Ila wengi hawasemi hivyo. Wanasema: "Hii ni imani yangu, ni maadili yangu, ni familia yangu." Hapo wameweka maisha yao wenyewe mezani kama ushahidi wa hoja. Huwezi kutumia maisha yako kama bango la kampeni halafu ukilalamika mtu akisoma bango.

11/ Kesi ya tatu, Hungary, na hii ndiyo yenye funzo kubwa. Novemba 2020, wakati wa masharti makali ya korona, polisi wa Brussels walivamia sherehe ya wanaume iliyokiuka masharti hayo. Mpita njia alikuwa ameripoti kuona mtu akitoroka kupitia bomba la maji ya mvua. Alikuwa mbunge wa Bunge la Ulaya, mwanzilishi wa chama tawala cha kwao, aliyejigamba kwamba aliandika katiba ya 2011 ya nchi yake kwenye tableti. Katiba hiyo inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke.

12/ Akajiuzulu. Dunia nzima ikacheka, vibonzo vikachorwa. Halafu? Mwezi uliofuata, Desemba 2020, bunge la nchi hiyo likabadilisha katiba kuongeza kwamba mama ni mwanamke na baba ni mwanamume, na sheria zikafanya iwe vigumu sana kwa wapenzi wa jinsia moja kuasili watoto. Juni 2021 ikapita sheria ya kuzuia watoto wasioneshwe chochote "kinachotangaza" mapenzi ya jinsia moja. Kicheko hakikuzuia hata mstari mmoja wa sheria.

13/ Hapo ndipo ile sentensi yetu ya dakika kumi inapoanza kuvuja. Tunadhani tukimwanika mnafiki, sheria yake itaanguka naye. Haianguki. Chama kinamtema, kinamtafuta mwingine msafi zaidi, na mswada unaendelea. Mtu ametoka, mfumo umebaki.

14/ "Lakini si sayansi imethibitisha kwamba wanaopinga sana ndio wenyewe?" Hii huja kila mara. Kuna utafiti maarufu wa 1996 kutoka Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, uliofanywa kwa wanaume 64. Waliokuwa na chuki zaidi walionesha msisimko zaidi wa mwili walipooneshwa picha za wanaume wawili. Ila walikuwa 64 tu, na watafiti wenyewe walikiri kwamba huenda ni wasiwasi uliosababisha hali hiyo. Tafiti zilizofuata zimetoa majibu yanayopingana. Huwezi kusoma kitanda cha mtu kupitia sauti yake.

15/ Hesabu pia inakataa. Bunge letu la Taifa lina wabunge 349, ukiacha spika. Tuseme kati yao wako wanaoishi kwa siri. Ni binadamu, watakuwepo. Lakini sheria haipiti kwa kura ya mtu mmoja anayejificha. Inapita kwa kura za wengi ambao hawana siri yoyote ya aina hiyo: wanaoamini wanachosema, au waliopiga hesabu ya uchaguzi. Ukisema "wote hao ni wao", umewafutia jukumu walio wengi.

16/ Tena angalia unachofanya. Umegeuza "mpenzi wa jinsia moja" kuwa tusi la kumpiga nalo mheshimiwa. Na umewaambia wanaoumizwa na sheria kwamba wanaumizwa na wenzao wenyewe, kwa hiyo ni shida yao ya ndani. Mtu anaweza kuandika hayo akidhani anatetea haki, kumbe amerudia tusi lile lile kwa mkono mwingine.

17/ Sasa upande wa pili, maana siwezi kusema siri ya kiongozi haina uzito kabisa. Ina uzito mmoja mkubwa: mtu mwenye siri inayoweza kumfunga anaweza kutishwa. "Piga kura hivi, la sivyo video itatoka." "Tia sahihi hii zabuni." Hapo siri ya chumbani imekuwa suala la pesa zako za kodi.

18/ Lakini nani amempa mtishaji silaha? Mwaka 1953 rais wa Marekani alitoa amri iliyowezesha watumishi wa serikali kufutwa kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba wanaweza kutishwa na maadui. Maelfu wakapoteza kazi. Mzunguko wake ni huu: unatishika kwa sababu ukijulikana utafutwa, na unafutwa kwa sababu unatishika. Uingereza nayo ilikuwa na sheria ya 1885 ambayo watu waliibandika jina la hati ya watishaji, kwa jinsi ilivyowapa riziki wanaotisha wenzao.

19/ Sheria yetu imetoka kwenye ukoo huo huo wa kikoloni. Kanuni ya Adhabu, sehemu ya 162, inataja miaka 14 jela. Sehemu ya 165 inataja miaka 5 kwa vitendo kati ya wanaume. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuzifuta. Kwa hiyo mheshimiwa anayejificha na anayetetea sehemu hizo, anatetea kamba ambayo mtu mwingine ameshika ncha yake. Hiyo ndiyo hoja ya usalama, na haihitaji kujua jina lake.

20/ "Basi si tuwafichue tumalize?" Polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, wanaharakati na waandishi kule New York walianza kuwaanika watu mashuhuri waliojificha. Ulikuwa wakati wa UKIMWI, watu wanakufa, na wao waliona ukimya ni sehemu ya kifo. Mbunge mmoja wa Marekani, aliyejitangaza mwenyewe 1987, baadaye aliweka mpaka unaojulikana hadi leo: faragha ni haki, unafiki si haki. Yaani anayetumia madaraka kuwaumiza wengine kwa jambo analofanya mwenyewe, hawezi kukimbilia faragha.

21/ Ni kanuni nzuri, lakini ilizaliwa mahali ambapo aliyeanikwa anapoteza kiti na heshima, halafu anapata kazi nyingine. Tuangalie jirani. Oktoba 2010, gazeti moja la Kampala liitwalo Rolling Stone (halina uhusiano na lile jarida la muziki) lilichapisha majina na picha za watu liliodai ni wapenzi wa jinsia moja, na wito wa wanyongwe. Mwanaharakati David Kato na wenzake wawili walilishtaki, na Mahakama Kuu ikasema haki yao ya faragha na utu imevunjwa.

22/ Januari 26, 2011, wiki chache baada ya ushindi huo, Kato aliuawa nyumbani kwake Mukono. Mtu mmoja alihukumiwa. Polisi walisema chanzo hakikuwa harakati zake, wenzake hawakukubali. Hilo sitalimaliza hapa. Ninachotaka ukione ni hiki: hukumu ya mahakama haikuweza kurudisha jina lake ndani. Jina likishatoka limetoka.

23/ Na huku kwetu? Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale kwa tuhuma za mapenzi ya jinsia moja. Walilazimishwa kupimwa sehemu za siri za nyuma ili "ushahidi" upatikane. Walipokwenda mahakamani walishindwa kwanza. Mpaka Machi 2018 ndipo Mahakama ya Rufaa kule Mombasa ikasema upimaji huo ulikuwa kinyume cha sheria. Miaka 3 ya kuidai heshima ya mwili wako mwenyewe.

24/ Sasa rudini kwenye ile aina ya tatu ya unafiki, kujitoa. Mheshimiwa ana ukuta mrefu, mlinzi, dereva, wakili na tiketi ya ndege. Akitaka siri, anainunua. Kijana wa chumba kimoja mtaani hana mlango wa pili. Landilodi akinusa tetesi, begi liko nje. Sheria moja, maisha mawili. Huo ndio unafiki unaopimika, na unabaki hata kama mheshimiwa hana siri yoyote.

25/ Katiba inasemaje? Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu, pamoja na taarifa za familia na mambo yake binafsi zisifichuliwe bila sababu. Lakini Kifungu cha 75, ndani ya Sura ya Sita, kinamtaka afisa wa serikali, hata katika maisha yake binafsi, aepuke mgongano wa maslahi na kuishusha hadhi ofisi yake. Vifungu hivyo viwili vinavutana, na ni vizuri vinavutana. Havikuandikwa viwe ruhusa ya kuchungulia dirishani.

26/ Nami nasoma mvutano huo hivi. Kiongozi akitumia pesa za umma, cheo au polisi kuficha siri yake, hiyo ni habari. Akimlazimisha mtu aliye chini yake, hiyo ni habari na ni kosa, awe wa jinsia yoyote. Akitishwa na kura yake ikanunuliwa, ni habari. Lakini "ana marafiki wa kiume wengi", "hajaoa", "anatembea hivi", hizo si habari. Ni udaku uliovaa suti.

27/ Najua mtaniletea "lisemwalo lipo". Jamani, hiyo methali imewapoteza watu wengi. Kwenye mtandao lisemwalo linaweza kuwa limelipiwa. Msimu wa kampeni, tetesi ya aina hii ndiyo risasi ya bei rahisi: haihitaji ushahidi, na anayekanusha anaonekana anajitetea sana. Pia kumbukeni sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018: kusambaza picha za faragha za mtu bila idhini kunaweza kukupeleka kortini wewe, si mheshimiwa.

28/ Linganisha na mtu anayesema mwenyewe. Januari 2014 mwandishi Binyavanga Wainaina aliandika waziwazi kwamba ni mpenzi wa jinsia moja, kwa maneno aliyoyachagua, siku aliyoichagua. Wapo waliomkasirikia, wapo waliomshangilia. Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, siku tatu kabla ya ile hukumu ya Mahakama Kuu. Kwake yeye ilikuwa sauti yake. Ukimwanika mtu, sauti ni yako na gharama ni yake.

29/ Basi tumuulize nini mheshimiwa anayepiga kelele? Maswali manne, yote ya wazi:
– Mswada huu utatekelezwaje? Polisi watajuaje kinachofanyika chumbani kwa mtu?
– Nani atakamatwa kwanza, wa mtaa wa kifahari au wa chumba kimoja?
– Je, ungekubali sheria hii itumike kwako, mtoto wako na ndugu yako bila simu kwa mkuu wa polisi?
– Wiki ambayo umelipigia kelele hili, ni mswada gani wa bajeti au ripoti ya ukaguzi imepita kimya?

30/ Hilo la nne liangalieni sana. Mada hii ina faida moja kwa mwanasiasa: haimgharimu kitu. Haihitaji barabara, dawa wala walimu. Anasimama, anakemea, anashangiliwa, anaenda zake. Ndiyo maana huibuka ghafla wakati bei ya unga imepanda. Mwenye imani ya kweli hachagui misimu.

31/ Kwa ufupi. Unafiki upo, na kesi za Idaho, California na Hungary zinaonesha si hadithi. Lakini uthibitisho wake uko kwenye rekodi ya kura, kwenye utekelezaji wa sheria na kwenye ukuta unaomlinda aliyeitunga. Hivyo vyote vinaonekana mchana, bila kamera ya siri.

32/ Ombi langu kwenye majibu: hakuna majina, hakuna "mimi najua fulani", hakuna picha za skrini za mazungumzo ya watu. Nitafuta. Kama una mswada, kumbukumbu za bunge au hukumu ya korti inayohusu mada, weka tuisome pamoja. Na ukimkuta mheshimiwa wako kwenye mkutano wa wananchi wiki hii, muulize swali la pili kati ya yale manne, kisha utuambie alijibu nini.